Maigizo ya Wamarekani Weusi, 1903 hadi 1936: mageuzi yalifanyika kwenye vyumba vidogo, si Broadway

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam.

Mtu akitaja historia ya maigizo ya Wamarekani Weusi, mazungumzo huanzia Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo jijini New York, na mara nyingi huishia huko huko: nani alitangulia kupanda jukwaa gani, onyesho lilidumu kwa muda gani, Wazungu walishangilia kiasi gani. Nimezisoma tamthilia za kipindi hicho kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kazi iliyobadili mambo ilifanyika kwingine: katika ukumbi wa chuo cha ualimu, katika chumba cha chini cha maktaba, na sebuleni kwa mjane mmoja wa Washington. Huko ndiko mtunzi alikoweza kuamua mwenyewe anamwandikia nani.

Broadway hatuwezi kuiruka, basi tuanze nayo. Tarehe 18 Februari 1903, mchezo wa muziki uitwao In Dahomey ulifunguliwa katika New York Theatre. Muziki ulitungwa na Will Marion Cook, maneno ya nyimbo yaliandikwa na mshairi Paul Laurence Dunbar, hadithi ni ya Jesse Shipp, na waigizaji wakuu walikuwa Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas, na George Walker wa Kansas. Mchezo wa urefu kamili, ulioandikwa na kuchezwa na watu Weusi, ulikuwa haujawahi kuingia katika ukumbi mkubwa wa Broadway kabla ya siku ile. Mwaka huo huo waliupeleka London, na mwezi Juni wakacheza mbele ya familia ya kifalme katika bustani ya Buckingham.

Sasa mtazameni Williams kabla pazia halijafunguliwa. Ni mtu wa maji ya kunde, mrefu, msomaji wa vitabu, ameketi mbele ya kioo na anajipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa mpaka ngozi yake mwenyewe isionekane, kisha anaichora midomo iwe mipana kuliko ilivyo. Tangu miaka ya 1830 waigizaji wa Kizungu walikuwa wakijipaka masizi hayo ili kumdhihaki mtu Mweusi, na hadhira yenye fedha ilikuwa imeshaizoea sura hiyo kiasi kwamba haikuwa tayari kumlipa mchekeshaji Mweusi asiyeivaa. Mtu Mweusi alilazimika kumwigiza mtu Mweusi aliyebuniwa na Mzungu. Sitamlaumu Williams hata kidogo. Alikuwa fundi mkubwa, na kwa ufundi wake aliweza kuipenyeza huzuni ya kweli chini ya masizi yale. Ninachosema ni kwamba mlango ule ulifunguliwa kwa sharti, na sharti lenyewe lilikuwa uso.

Linganisheni hilo na jioni ya tarehe 3 Machi 1916. Mwaka uliotangulia, filamu ya The Birth of a Nation ilikuwa imewatukuza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililowatisha na kuwaua watu Weusi, na kuonyeshwa hadi Ikulu ya Marekani. NAACP, chama cha kutetea haki za watu Weusi kilichoundwa mwaka 1909, kilikuwa na kamati ya maigizo mjini Washington, na kamati hiyo ikaileta jukwaani Rachel, tamthilia ya mwalimu Angelina Weld Grimké, katika ukumbi wa chuo cha ualimu cha Myrtilla Miner. Programu ya jioni ile ilitamka waziwazi kwamba lengo ni kulitumia jukwaa kuwaeleza Wamarekani hali ya raia Weusi milioni 10.

Rachel ni binti anayependa watoto kupita kiasi. Familia yake inaishi katika mji wa kaskazini, nyumba ni safi, kuna piano na vitabu. Mama anawafichulia watoto wake kwamba miaka kumi iliyopita, kusini, baba yao na kaka yao waliuawa na umati, kwa sababu baba alikuwa na gazeti na alithubutu kulaani mauaji ya mtu asiye na hatia. Kaka wa Rachel amesomea uhandisi, lakini kazi inayopatikana ni ya kuhudumia meza hotelini. Kisha Jimmy mdogo, mtoto anayelelewa na Rachel, anarudi kutoka shule akiwa amepigwa mawe na kuitwa jina ambalo hata halielewi. Rachel anayaponda mawaridi aliyoletewa na mchumba wake, anaapa kutozaa, na anamkataa mwanamume anayempenda.

Hakuna masizi humo, hakuna kicheko cha kumfurahisha mtazamaji, na hakuna mhusika aliyewekwa ili mwenye tiketi ya mbele ajione bora. Hoja yangu inaanzia hapo, na ninawakaribisha.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa uzi mzito. Hata hivyo naona umewapunja watu wa muziki na ucheshi. Rachel ilichezwa mara chache tu, mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa wameshaelewa. Mwigizaji ana tumbo, ana kodi ya nyumba, na kundi lisilo na kipato hufa.

Chukua Shuffle Along. Noble Sissle na Eubie Blake walitunga nyimbo. Flournoy Miller na Aubrey Lyles waliandika hadithi. Walizunguka mikoani wakiwa na mavazi ya mitumba na madeni yaliyokuwa yakiongezeka kila kituo, na walipofika New York hawakupata ukumbi ila ule wa mtaa wa 63, mbali na kitovu cha Broadway, ambao haukuwa na hata jukwaa la kutosha. Ulifunguliwa tarehe 23 Mei 1921 ukachezwa mara 504. Watu Weusi walikaa viti vya chini, jambo ambalo kumbi nyingi za Broadway hazikuliruhusu. Kwingine walipandishwa roshani ya juu kabisa.

Na kuna dakika moja katika usiku wa ufunguzi ambayo nadhani ni nzito kama Rachel yako. Ndani ya mchezo mlikuwa na wimbo wa mapenzi, Love Will Find a Way, unaoimbwa na mwanamume na mwanamke Weusi, kwa dhati, bila mzaha. Jukwaani Marekani mapenzi ya watu Weusi yalikuwa yanaruhusiwa kama kichekesho tu; ilidhaniwa kwamba Wazungu wakiyaona yakichukuliwa kwa uzito watazomea au watafanya vurugu. Sissle alisimulia baadaye kwamba yeye, Miller na Lyles walisimama karibu na mlango wa nyuma, mguu mmoja ukiwa nje, huku Blake amekwama mbele kwenye piano, upara wake unang'aa, hana pa kukimbilia. Lottie Gee na Roger Matthews wakaimba. Hadhira ikapiga makofi na kutaka wimbo urudiwe.

Hilo lilitokea Broadway, mbele ya watu walionunua tiketi, na lisingeweza kutokea sebuleni kwa mtu.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nakubali kuhusu wimbo ule, na nakushukuru kwa kuuleta. Kuna jambo moja tu naomba tuliongeze: usiku ule ule, Miller na Lyles wenyewe walipanda jukwaani wakiwa wamejipaka masizi. Mapenzi yaliruhusiwa, lakini ucheshi ulibaki na uso wa zamani. Ndiyo maana nasema mlango ulikuwa na sharti.

Kuhusu tumbo la mwigizaji, hapo una haki, na ni vizuri tumtaje Anita Bush. Alikuwa mnenguaji katika kundi la Williams na Walker akiwa bado binti mdogo, na mwaka 1915 akaanzisha kundi lake Harlem, eneo la watu Weusi jijini New York, kwanza katika ukumbi wa Lincoln kisha Lafayette, likajulikana kama Lafayette Players. Wao hawakucheza muziki bali tamthilia kamili, tena ya aina zote, na kila mara walifanya mazoezi ya mchezo mpya huku wa sasa ukiendelea kuchezwa. Karibu zote zilikuwa tamthilia za Wazungu. Kuna waliowabeza kwa kuiga, lakini mimi siwabezi. Mwigizaji Mweusi aliyekuwa amezuiliwa kuigiza hakimu, daktari, mke anayeteseka au mwizi mwenye akili, sasa alizicheza nafasi zote hizo mbele ya watu wa mtaa wake, na hadhira ikazoea kuona uso Mweusi ukibeba hisia yoyote. Charles Gilpin alipita katika kundi hilo.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, umemtaja Gilpin na ukapita. Kwa heshima zote, huyo ndiye angepaswa kuwa katikati ya uzi huu, kwani maisha yake yanajibu swali lako kuhusu nani anaandika na nani anaigiza.

Novemba 1920, kundi la Provincetown Players, lililokuwa na ukumbi mdogo Greenwich Village, New York, lilimpa nafasi ya Brutus Jones katika The Emperor Jones ya mtunzi Mzungu Eugene O'Neill. Gilpin alikuwa ameshapita kwenye kila aina ya kibarua kati ya onyesho moja na jingine: alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, alikuwa mpagazi, aliendesha lifti. Katika tamthilia hiyo karibu peke yake, kwa pazia sita mfululizo, anakimbia msituni usiku huku ngoma inapigwa kwa mbali na mapigo yake yanazidi kwenda mbio. Wahakiki waliinua mikono. Mwaka 1921 Drama League ya New York, chama cha wapenzi wa maigizo, ilimchagua kuwa miongoni mwa watu kumi waliolifanyia jukwaa la Marekani mambo makubwa zaidi mwaka ule, kisha ukazuka ubishi kama inafaa mtu Mweusi aketi kwenye meza ya chakula cha jioni cha kuwapongeza. O'Neill mwenyewe aliwahimiza wengine wagome kuhudhuria endapo Gilpin asingealikwa. Gilpin alikwenda. Mwaka ule ule NAACP ikamtunuku nishani ya Spingarn, inayotolewa kila mwaka kwa Mmarekani Mweusi aliyefanya jambo kubwa.

Lakini mchezo huo una neno la matusi kwa watu Weusi, linarudiwarudiwa kinywani mwa Jones mwenyewe. Usiku baada ya usiku Gilpin alianza kulibadilisha, akisema maneno mengine yasiyo ya kudhalilisha. O'Neill alikasirika mno, na mchezo ulipopelekwa London mwaka 1925, nafasi ile alipewa kijana Paul Robeson. Gilpin alifariki mwaka 1930.

Mtunzi aliyempigania Gilpin apate kiti mezani ndiye aliyemnyima haki ya kukataa tusi jukwaani. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na bado linanichoma.

Mwanzisha uzi

Mkuu, umesema kile ambacho nilikuwa nakitafutia maneno. Mwigizaji anaweza kuwa na kipaji kinachotikisa mji mzima, lakini kama karatasi yenye maneno ya mchezo si yake, anabaki akilipigania neno moja moja.

Na kwa kuwa umemtaja Robeson, wasomaji wa Kiswahili wajue kwamba miaka michache baadaye, mwaka 1933 na 1934 akiwa London, aliingia darasani kujifunza lugha za Kiafrika, na Kiswahili kilikuwa mojawapo.

Turudi kwenye karatasi. Miongoni mwa watu walioguswa na Rachel mwaka 1916 alikuwamo karani wa ofisi ya serikali ya kuchapa noti mjini Washington, jina lake Willis Richardson. Alizaliwa Wilmington, North Carolina, na familia yake iliukimbia mji huo baada ya Wazungu kuwaua watu Weusi huko mwaka 1898. Aliiheshimu Rachel lakini alitaka kitu kingine: badala ya kumwonyesha Mzungu mateso yetu, alitaka kuonyesha namna watu Weusi wanavyoishi wao kwa wao, wakidaiana, wakisaidiana na kufichana. Tamthilia yake fupi, The Chip Woman's Fortune, ilifika Broadway Mei 1923 ikiwa mikononi mwa kundi la Ethiopian Art Players kutoka Chicago, na ndiyo tamthilia ya kwanza isiyo ya muziki ya mtunzi Mweusi kuchezwa huko. Ndani yake mna gramafoni iliyonunuliwa kwa mkopo na wenye duka wanakuja kuichukua, na mna bibi kizee, Aunt Nancy, anayeokota vibanzi vya kuni na vipande vya makaa, ambaye amezika akiba yake uani akimsubiri mwanawe atoke gerezani. Hakuna Mzungu hata mmoja jukwaani. Yeyote aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga anawajua watu hawa.

Mchangiaji wa nne

Nawaomba radhi kwa kuchelewa kuingia. Naona W. E. B. Du Bois, msomi Mweusi na mhariri wa The Crisis, jarida la NAACP, hajatajwa, naye ndiye aliyeiweka hoja ya mwanzisha uzi katika maneno manne. Mwaka 1926, katika jarida hilo, aliandika kwamba jukwaa la kweli la watu Weusi lazima liwe na mambo manne: lituhusu sisi, liandikwe na sisi, liwe kwa ajili yetu, na liwe karibu nasi. Hilo la nne ndilo watu hulisahau. Alikuwa na maana ya jengo lililo mtaani kwa watu wa kawaida, mahali ambapo mama anayetoka kazini anaweza kufika kwa miguu.

Kundi lake, Krigwa Players, lilicheza katika chumba cha chini cha maktaba ya mtaa wa 135, Harlem. Tamthilia za Richardson zilichezwa humo. Je, mwanzisha uzi, unaweza kutueleza kwa nini kundi lenye misingi mizuri hivyo halikudumu?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, asante, swali lako ni gumu na jibu lake si tamu kwa mtu anayetetea vyumba vidogo kama mimi.

Mwaka 1927 Krigwa waliingia mashindano ya makundi madogo ya maigizo mjini New York wakiwa na Fool's Errand ya Eulalie Spence. Bi Spence alizaliwa kisiwa cha Nevis, alifundisha shule ya sekondari Brooklyn, na baadaye mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Joseph Papp, aliyeanzisha tamasha la Shakespeare la New York. Yeye na Du Bois hawakuelewana juu ya jambo la msingi. Du Bois aliamini kwamba sanaa yote ni propaganda na ndivyo inavyopaswa kuwa. Spence aliandika ucheshi wa majirani wanaoingilia yasiyowahusu, na akashikilia kwamba mtu anayekwenda kutazama mchezo baada ya siku ndefu hastahili kuhubiriwa. Fool's Errand ilishinda zawadi ya dola 200. Du Bois alizitumia fedha hizo kufidia gharama za maonyesho, mtunzi na waigizaji wasipate kitu, na baada ya hapo kundi la Harlem likasambaratika.

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu Du Bois ni mtu ninayemheshimu mno. Maneno manne yalikuwa sahihi, lakini yule aliyeandika mchezo uliopendwa kuliko yote hakulipwa hata senti, tena na watu wake. Mchangiaji wa pili alikuwa ameshatukumbusha habari ya tumbo na kodi ya nyumba. Nalikubali hilo sasa kwa uzito zaidi kuliko nilivyolikubali mwanzoni.

Mchangiaji wa tano

Salaam kwenu nyote. Ninaishi Washington, na nyumba ya mjane uliyemtaja mwanzoni ipo bado, 1461 mtaa wa S, kaskazini-magharibi. Ni nyumba ya matofali iliyobanana na jirani zake, na mtu asiyejua angeipita. Nadhani ulimkusudia Georgia Douglas Johnson. Mumewe alifariki mwaka 1925 akamwachia watoto wawili wa kiume wa kusomesha, akawa anakwenda ofisini mchana na kuandika usiku, na Jumamosi waandishi walikusanyika kwake: Grimké, Richardson, Alain Locke, na Langston Hughes alipokuwa mjini. Ningependa kujua ilikuwaje mtu aliyewakaribisha wote hao tamthilia zake nyingi zikakosa jukwaa.

Mwanzisha uzi

Ndiye hasa, dada au kaka yangu, na nakushukuru kwa kutuletea habari za nyumba yenyewe.

Aliandika tamthilia kadhaa fupi juu ya mauaji ya umati. Katika A Sunday Morning in the South, bibi anamwandalia mjukuu wake kifungua kinywa, nyimbo zinasikika kutoka kanisa la jirani, polisi wanaingia na binti wa Kizungu asiye na uhakika, na kabla ibada haijaisha kijana ameuawa. Kuna wakati miaka ya 1930 ambapo ilionekana angepata nafasi: serikali ya Marekani ilianzisha mradi wa maigizo mwaka 1935 ili kuwapa kazi wasanii, wenye vitengo vya watu Weusi katika miji mbalimbali. Kitengo cha Harlem kiliongozwa na mwigizaji Rose McClendon pamoja na John Houseman, na tarehe 14 Aprili 1936 kiliifungua Macbeth, tamthilia ya Shakespeare juu ya mfalme wa Uskoti, katika ukumbi ule ule wa Lafayette, ikiongozwa na Orson Welles, hadithi imehamishiwa kisiwa chenye sura ya Haiti, ngoma zikipigwa na Asadata Dafora wa Sierra Leone na wenzake. Umati ulifunga barabara. Bi Johnson aliupelekea mradi huo huo tamthilia zake za mauaji ya umati, na hakuna hata moja iliyochezwa.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni kwamba jukwaa la serikali lilikuwa na nafasi kwa mfalme wa Uskoti, lakini halikuwa na nafasi kwa bibi wa kusini na kijana wake.

Wameniuliza wengine kwa ujumbe binafsi waanzie wapi kusoma. Anzeni na Plumes ya Bi Johnson, iliyopata tuzo ya kwanza ya jarida la Opportunity mwaka 1927; inasomeka kwa nusu saa. Mama maskini, Charity, ana binti anayeumwa chumba cha pili. Ana dola 50 tu. Daktari anasema operesheni ni dola 50 na hatoi ahadi ya kupona; na kwa dola hizo hizo Charity anaweza kumzika mwanawe kwa heshima, kwa farasi waliopambwa manyoya kichwani, yeye aliyekwisha kuwazika mumewe na mtoto mwingine bila heshima yoyote. Rafiki yake Tildy anasoma masimbi ya kahawa kwenye kikombe na anaona msafara wa maziko. Katika mazungumzo yote hayo mikono ya wanawake hao iko kwenye gauni jeupe la binti, wanashona upindo ili lisiwe refu mno atakapolivaa. Charity bado hajaamua wakati mlio unaposikika kutoka chumbani. Anakwenda, anarudi, na anamwambia Tildy aufumue upindo.